Kijapani: tofautisha ni na de kwa mahali pamoja

Unayejifunza Kijapani kidogo kidogo ukingoja feri Likoni, somo la siku liwe mahali pamoja na sentensi mbili tu. Andika "Kongowea ni imasu" (niko Kongowea, sokoni), chini yake "Kongowea de kaimasu" (nanunua Kongowea), kisha soma kwa sauti. Kijineno "ni" cha Kijapani huonyesha mtu au kitu kilipo. "De", kitendo kinapofanyika. "Sokoni" yetu hubeba yote mawili, ndiyo maana tunabandika "ni" ya Kijapani kila mahali. Kanuni hukwama kwa sumu (kuishi) na suwaru (kuketi): vitenzi hivyo hutaka "ni". Mkutano nao, japo una arimasu (kuwepo), huchukua "de": "Kongowea de kaigi ga arimasu" (kuna mkutano Kongowea). Huu ndio unaowachenga wengi.