Somo: Vigae vya sakafu ya bafu, uweke mwenyewe au uite fundi?

Kila anayejenga au kukarabati hufika mahali ambapo mfuko umeanza kulalamika, maboksi ya vigae yamepangwa ukutani, na wazo linamjia: kwani hii kazi ina nini? Unapaka gundi, unabandika, unasogea. Mimi nilifikiri hivyohivyo. Bafu langu la kwanza nililiweka vigae kwa mikono yangu, na kwa macho lilipendeza kweli, mistari imenyooka kama uzi. Siku ya kwanza tulipooga, maji yakalipa mgongo tundu la kutolea maji, yakaenda zake mlangoni. Miaka miwili tulikuwa tunayasukuma kwa mpira kila baada ya kuoga, mpaka nikachoka nikavunja yote.

Kwa hiyo uamuzi wa "mimi au fundi" usiufanye ukiwa unatazama vigae. Utazame kilicho chini yake.

Hatua ya 1: Mwaga maji kabla hujamwaga pesa

Ingia bafuni na ndoo. Mwaga nusu yake mbali na tundu, kisha simama uangalie. Yakienda yenyewe na kuisha, umeanza vizuri. Yakituama au yakitafuta mlango, sakafu haina mteremko, na hakuna kigae kitakachorekebisha hilo.

Ukitaka kupima hasa, chukua ubao ulionyooka wa mita 1, weka pimamaji juu yake, ncha moja ikae upande wa juu wa sakafu na nyingine ielekee kwenye tundu. Inua ile ncha ya upande wa tundu mpaka kiputo kikae katikati, halafu pima nafasi iliyobaki chini ya ubao. Sehemu ya kuogea inataka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Chini ya hapo maji yanalala.

Usidanganyike kwamba utatengeneza mteremko kwa kuongeza gundi upande mmoja. Gundi ya vigae haikutengenezwa kujazia mashimo. Ikiwa nene kupita kiasi husinyaa inapokauka na kigae hutitia. Mteremko hutengenezwa kwa mchanga na saruji, mapema. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwa sababu kusawazisha sakafu ni rahisi kuliko kuipindisha kidogo kuelekea sehemu moja.

Hatua ya 2: Je, kuna kizuia maji?

Hili watu hawaliamini mpaka ukuta wa chumba cha pili uanze kubambuka rangi: vigae na grauti (ule ujazo wa saruji kwenye mianya kati ya kigae na kigae) havizuii maji kupita. Kigae chenyewe hunyonya kidogo sana, lakini kwenye grauti maji hupenya polepole kila siku. Kinachoyazuia ni ile tabaka inayopakwa chini ya vigae, mara mbili, mkono wa pili ukikatisha wa kwanza. Hupandishwa ukutani angalau sentimita 15, na juu zaidi pale maji ya bafu yanapopiga ukuta. Kwenye kona na kuzunguka tundu huwekwa utepe wake.

Ikishakauka, ijaribu. Ziba tundu, jaza maji kina kidogo, chora mstari wa penseli pale yalipofikia, na uondoke kwa saa 24. Ukikuta yameshuka kwa kiasi kinachoonekana, tafuta panapovuja kabla hujagusa kigae.

Na kama bafu liko ghorofani, chini kuna chumba cha mtu, mimi sibishani na yeyote: ita fundi.

Hatua ya 3: Angalia kigae ulichonunua

Vigae vidogo huufuata mteremko bila shida. Vikubwa, kama vya sentimita 60 kwa 60, havipindi, kwa hiyo tundu likiwa katikati ya sakafu itabidi uvikate mshazari kama mikunjo ya bahasha. Kwa mgeni hiyo ni kazi ya kutoa jasho na vipande vingi vya kutupa.

Vinavyong'aa kama kioo acha vikae sebuleni. Boksi likiwa na kipimo cha utelezi, tafuta R10 kwenda juu, na ukikuta herufi A, B au C, hiyo ni ya mguu mtupu. Sehemu ya kuogea inataka B au C.

Hatua ya 4: Jipime

Kama sakafu imepita hatua mbili za kwanza, kubandika unaweza kujifunza. Utahitaji mwiko wa meno, kikata vigae, grenda yenye diski ya almasi kwa ajili ya kukata kuzunguka mabomba (miwani na barakoa ni lazima, vumbi lile si la kuvuta), nyundo ya mpira, misalaba ya kutenganisha, na magoti yenye subira.

Jaribio langu ni hili. Tandaza gundi kwa mwiko wa meno, mistari yote ielekee upande mmoja, bandika kigae kimoja, kisukesuke kidogo, kisha king'oe hapohapo. Kigeuze. Mgongo wote umeloa gundi? Vizuri. Ukiona mistari ya meno bado imesimama, au kona zimebaki kavu, gundi haikusambaa. Paka na mgongo wa kigae pia, urudie. Bafuni unataka karibu asilimia 95 ya mgongo iwe imeshika.

Hatua ya 5: Njia ya katikati

Hii ndiyo ninayoipendekeza siku hizi. Fundi afanye mteremko na kizuia maji, ukijaribu maji mbele yake. Wewe ubandike. Ukikosea, umeharibu vigae vitano, hukuharibu nyumba.

Hatua ya 6: Ukiita fundi wa kazi yote

Kabla ya bei, muulize mteremko ataupimaje. Kisha omba akupeleke kwenye bafu alilolifanya mwaka uliopita. La wiki iliyopita kila mtu analo zuri. Ukimwona anabandika kwa madonge matano, kona nne na katikati, msimamishe hapohapo, kwa sababu katikati ya madonge kutabaki hewa na maji. Na malipo ya mwisho yabaki mfukoni mpaka umwage ndoo yako.

Maswali ya wanachama

Naweza kubandika juu ya vigae vya zamani?
Kama vimeshika vyote na mlango bado utafunguka baada ya sakafu kupanda, inawezekana, ukitumia gundi inayokubali kazi hiyo. Lakini mteremko mbaya wa zamani utabaki vilevile, na hujui chini kuna nini. Bafuni mimi huvunja.

Fundi wangu anasema kizuia maji si lazima kwa sababu nyumba haina ghorofa. Ni kweli, kaka?
Hapana, dada. Maji yasipodondokea chumba cha chini, yatapanda ukutani. Utauona unyevu upande wa pili wa ukuta.

Nimegonga kwa sarafu, vigae vitatu vinatoa sauti ya uwazi. Nifanyeje?
Vikiwa karibu na mlango na grauti haijapasuka, viache. Vikiwa pale unaposimama kuoga, ving'oe sasa kabla havijapasuka.

Nizidishe vigae kiasi gani?
Asilimia 10, au 15 ukikata mshazari. Hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja, rangi hutofautiana. Vinavyobaki vitunze.

Grauti niweke lini?
Baada ya saa 24 kwa gundi ya kawaida. Usizidishe maji, itakuwa ya ungaunga na rangi itapauka. Pale sakafu inapokutana na ukuta weka silikoni, kwa sababu grauti hupasuka hapo.

Mume wangu anataka kuanza Ijumaa jioni. Bafu ni moja, watoto wawili. Anasema Jumatatu tutaoga.
Mwulize kwanza kama anavunja. Akivunja na kumwaga sakafu mpya, hesabuni kwa wiki, si kwa siku. Kama sakafu iko tayari, akibandika Jumamosi, grauti ni Jumapili jioni, silikoni Jumatatu, na maji ya kuoga si kabla ya Jumatano. Tafuteni pa kuogea kabla hajafungua boksi la kwanza.