Kufundisha Kiingereza Ugenini: Vyeti, Mkataba na Somo la Kwanza

Kukijua Kiingereza ni jambo moja, kukifundisha ni jingine. Anza na kozi ya angalau saa 120, kwani ndicho kipimo cha waajiri wengi, na uchague ile inayokusimamisha mbele ya wanafunzi halisi. CELTA, cheti cha ualimu wa Kiingereza cha Cambridge, kwa mfano, inakudai saa 6 za kufundisha huku ukitazamwa na kupimwa. Kozi ya mtandaoni pekee itakupa cheti, lakini haitakuonyesha kwamba unaongea mno darasani.

Soma masharti ya viza kabla ya kutuma maombi. Korea Kusini kwa kawaida hutoa viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha, kwa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. China hutaka shahada na hati ya polisi vikiwa vimethibitishwa rasmi. Tangu Novemba 7, 2023 inapokea apostili, yaani uthibitisho wa hati unaotambuliwa na nchi zote za Mkataba wa Apostili, lakini vyeti kutoka nchi isiyo kwenye mkataba huo hupitia ubalozini. Mwajiri akikuambia uingie kwa viza ya utalii, kwamba mengine yatarekebishwa baadaye, achana naye. Atakayefukuzwa nchini ni wewe.

Kwenye mkataba wa kazi, tazama kama saa zilizoandikwa ni za kufundisha au za kuwapo kazini. Saa 25 za darasani si wiki nyepesi, maana maandalizi na kusahihisha havimo humo. Uliza pia nani analipia kibali cha kazi na nauli ya kurudi.

Sasa darasa lenyewe, ambako ndiko walimu wengi wapya huanguka. Chukua somo la dakika 60 kwa wanaoanza kabisa, nanyi hamna lugha ya pamoja. Lengo liwe moja na lipimike: mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kumuuliza mwenzake "What time do you get up?" na kujibu. Vitenzi 6 hadi 8 vinatosha. Ukileta 20, watatoka na 3.

Onyesha picha, tamka neno mara 3 kwa kasi ya kawaida, kisha warudie wote pamoja, halafu nusu ya darasa, halafu mmoja mmoja. Usiandike ubaoni bado. Tahajia ya Kiingereza hailingani na matamshi yake, kwa hiyo anayeona neno kabla ya kulisikia hulisoma kwa sauti za lugha yake, na kosa hilo hung'ang'ania. Andika baada ya masikio kushiba.

Kisha wape kazi ya wawili wawili. A ana ratiba yenye mapengo, B ana majibu, na hawaonyeshani karatasi. Hapo swali linakuwa na sababu ya kuulizwa. Maelekezo yawe mafupi: ifanye kazi hiyo na mwanafunzi mmoja mbele ya wote, ndipo ugawe karatasi. Ukizigawa kwanza, macho yatakuwa kwenye karatasi na sauti yako itapotea. Tena usiulize "Do you understand?" Watasema ndiyo, wengine kwa heshima, wengine kwa hofu. Uliza kitu kinachojibika: "Do you show your paper?" Wakijibu "No", endelea.

Wakati wanaongea, zunguka na daftari, usiwakatize. Zipe dakika 8 za mwisho makosa 4 au 5 uliyoyasikia. Yaandike ubaoni bila majina, wayasahihishe wenyewe. Ukijua lugha yao kidogo utayatarajia. Msemaji wa Kiarabu huchanganya p na b, Mjapani l na r, Mhispania hutanguliza e kwenye "school". Kichina hakibadilishi kitenzi kufuatana na mtendaji, ndiyo maana "she get up" badala ya "she gets up" hurudi kila siku. Huo si uvivu wa mwanafunzi. Kwake s hiyo haina kazi yoyote, na itahitaji mazoezi ya wiki nyingi, si kuisahihisha mara moja.