Kabla hujaanza kuhifadhi picha za wagonjwa kwenye kompyuta, angalia haya kwanza

Wengi wakisikia kutunza picha za eksirei na CT (kipimo kinachopiga picha za mwili kipande kwa kipande) wanawaza nafasi tu. Ni kweli inaisha haraka, kipande kimoja cha CT ni kama nusu MB na mgonjwa mmoja anaweza kutoka na vipande 500, hapo ni MB 250 za mtu mmoja na foleni bado ndefu, kwa hiyo piga hesabu ya miaka yote ambayo sheria ya nchi yako inataka zitunzwe, na za watoto mara nyingi hukaa zaidi. Ila nafasi ukiwa na hela unanunua.

Shida kubwa ni siri ya mgonjwa. Faili la DICOM, yaani muundo wa kawaida wa kuhifadhi picha za hospitali, limebeba picha pamoja na jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mgonjwa humohumo ndani. Na hata ukiyafuta hayo, kwenye altrasaundi jina mara nyingi limechapwa juu ya picha yenyewe pale kwenye kona, lazima mtu afungue aone kwa macho kabla haijaenda kwenye mafunzo au utafiti. Kuna wanaoigeuza kuwa picha ya kawaida ya JPEG wakidhani wamemaliza kazi, kumbe wameiharibu, maana daktari hawezi tena kubadilisha mwanga aone mapafu halafu aone mifupa, wala kupima uvimbe kwa milimita.

Seva, yaani kompyuta inayotunza picha hizo, isikae wazi kwenye intaneti, iwe nyuma ya VPN (njia ya faragha ya kuingilia mtandao wenu), na washa TLS, ile inayoficha data ikiwa njiani, kwa sababu DICOM bila hiyo inasafirisha kila kitu kikisomeka. Kila mtu awe na akaunti yake. Ile paswedi moja ya idara nzima iliyobandikwa kwenye skrini jamani itoeni leo, picha ikivuja mtajuaje nani alifungua?

Bakapu sasa, yaani nakala za akiba. Kopi 3, kwenye vifaa vya aina 2, moja iwe nje ya jengo, halafu kuwe na moja isiyounganishwa na mtandao kabisa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza mpaka miadi na upasuaji vikaahirishwa, na virusi vya aina hii vinafunga kila vinachokifikia, kwa hiyo bakapu iliyochomekwa muda wote inaondoka na seva. Na ijaribuni kabla ya kuiamini, chukua kipimo cha zamani, kirudishe kwenye mashine nyingine, mpe daktari wa radiolojia akifungue aseme kama vipande vyote vipo na vimepangika, mimi bakapu ambayo haijawahi kurudishwa hata mara moja siihesabu.

Mwisho mkataba. Kabla ya kusaini muulize muuzaji wa mfumo wa kuhifadhi picha siku mkiachana picha zenu mtazitoaje, zitatoka kwenye DICOM ya kawaida au kwenye mfumo wake peke yake, nani analipia kuzihamisha, na hayo yote ayaandike.