Jaketi la mtumba, kanga na viua vya kofia: namna ya kulipamba mwenyewe

Kipupwe kikiingia tu, mwezi wa 6 hivi, kila mtu anatafuta jaketi, na wengi tunakimbilia mitumba ya Darajani au Mwanakwerekwe hapa Unguja, ukijua kuchagua unapata jinzi zuri kabisa kwa hela ndogo, ila ndo hivo, yanafanana yote. Mie naumia nikiona watu wananunua viraka vya dukani vya kubandika kwa pasi wakati huku kwetu, Unguja na Pemba, kuna mikono inayoshona kofia za viua, yaani vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, tangu enzi za mababu. Kazi ile ile inakaa kwenye jaketi na inapendeza mno.

Kwanza jaketi lenyewe. Chukua jinzi la pamba lisilovutika, maana linalovutika ukishalidarizi linakunjana na haliwi sawa tena. Angalia makwapa na mapindo, likiwa limechoka hapo liache. Lifue, na kanga nayo ifue mpaka maji yatoke meupe, hasa ikiwa nyekundu au nyeusi, la sivyo rangi itahamia pengine.

Kanga inakwenda mgongoni, pale juu chini ya kola. Watu wengi wanakata maua ya pindo, si mbaya, lakini mie napenda jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Jina fupi kama "Hasidi hana sababu" linaenea vizuri, refu litakatikia begani, kwa hiyo pima mgongo wa jaketi kabla hujaenda kununua doti. Kata kwa kuacha sentimita 1 na nusu kila upande, kunja hiyo ziada kwa ndani, piga pasi, bana kwa pini, halafu shona kwa mkono mishono midogo ya kujificha. Gundi usitumie kabisa, inakauka, inakuwa ngumu na ikifuliwa mara chache inabanduka.

Sasa viua, na hapa ndo pa kutulia. Anza na kifuniko cha mfuko wa kifuani, kola ni ngumu kwa anayejifunza. Chora nukta kwa kipande cha sabuni kikavu kilichokwisha mpaka kikawa chembamba, sentimita 1 baina ya nukta na nukta. Chukua shazia, ile sindano nene, toboa, kisha izungushe mle tunduni ili nyuzi za kitambaa zisogee pembeni bila kukatika, ndo maana mkasi haufai, ukikata tu tundu linaanza kuchanika. Zungusha mishono midogo ya kupiga bandi kandokando ya tundu, hiyo ndo itakayoshika umbo. Baada ya hapo sindano inashuka tunduni, inatokea nje ya ule mduara, unavuta, unarudi tena tunduni, hivo hivo mpaka uzunguke wote, mishono igusane bila kupandana. Uvutaji ndo siri yenyewe: ukilegeza tundu linaziba, ukikaza sana kitambaa kinajikunja, basi vuta mpaka uone uzi umelala tu. Ukimaliza pitisha shazia tena tundu likae duara, na mwisho wa uzi ufiche kwa nyuma chini ya mishono, usifunge fundo. Uzi mweupe juu ya jinzi la buluu unatoka vizuri kuliko rangi zote, ndo macho yangu yanavyoniambia. Na vaa subana kidoleni, jinzi si bafta.

Ukitaka mng'aro weka shanga kidogo kwenye kola, au puleki, lakini si begani unapopitisha mkoba, zitakatika. Uzi upitishe kwenye mshumaa kwanza uwe imara, na kila shanga 3 au 4 piga fundo kwa ndani ili moja ikidondoka zisifuatane zote. Shanga za kioo ndo nzuri, za plastiki zinayeyuka kwa pasi na za chuma zinashika kutu upesi na huu upepo wa bahari.

Usijaze kila mahali. Jina mgongoni na viua mfukoni vinatosha kabisa, jaketi likishonwa sana linakuwa zito na jicho halijui litue wapi.

Kufua ni kwa mkono, lipindue ndani nje, usilikamue kwa kulisokota, anika kivulini maana jua letu linapausha kanga haraka, na pasi ipitishe kwa upande wa ndani tu huku umetandika taulo chini ili viua visilale.