Kidonda cha tumbo kinachovuja damu: hatua za muuguzi kuanzia mgonjwa anapopokelewa hadi anaporuhusiwa

Wiki hii nimekaa zamu mbili na muuguzi mpya, tukimhudumia baba mmoja aliyeletwa akitapika damu. Maswali aliyoniuliza yalinionyesha kwamba mambo ninayoyafanya kwa mazoea hayajaandikwa mahali atakapoyakuta, hivyo nayaandika hapa. Nazungumzia kidonda cha tumbo au cha duodeni, yaani pale utumbo mwembamba unapoanzia, ambacho kimeanza kuvuja damu. Kunawa, kuvaa glavu na kufunga kamba ya presha unayajua, siyarudii. Maagizo ya daktari na mwongozo wa kituo chako vinatangulia chochote nitakachosema.

Hatua ya 1: Ulizia maumivu, usiulizie dawa

Ukimuuliza mgonjwa anatumia dawa gani, atakutajia za presha au za sukari. Za maumivu hazihesabu. Muulize hivi: "Magoti yakiuma unafanyaje? Mgongo je? Na kichwa?" Yule baba alikwisha kutuambia hatumii dawa yoyote. Nilipofika kwenye magoti alinyamaza, mkewe akafungua mkoba na kutoa karatasi ya diklofenaki iliyobaki na vidonge viwili. "Anameza kila asubuhi, sista, kabla hajatoka."

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia kemikali ambazo tumbo linazitumia kutengeneza ute wa kulinda ukuta wake. Kwa hiyo madhara hayatokani tu na kidonge kugusa tumbo. Hata ya sindano inaumiza vilevile. Uliza pia kuhusu warfarini, inayozuia damu kuganda, na dawa za jamii ya steroidi, na andika kila kitu pamoja na siku ya mwisho aliyomeza. Kisha fungua chati uangalie kama hakuna aliyemwandikia diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya tumbo hilohilo. Nimeikuta zaidi ya mara moja. Ukiikuta, usimpe mgonjwa, mpigie daktari.

Hatua ya 2: Kanula mbili kubwa

Kila mkono kanula yake, yaani mrija mdogo wa mshipani, geji (kipimo cha unene) 16 au 18: ya kijivu au ya kijani. Ya pinki, iliyo nyembamba kidogo, naikubali mishipa ikigoma; ya bluu, nyembamba zaidi, hapana. Toa damu kabla hujafungua dripu: ya kundi na kuoanisha na damu atakayoongezwa, ya picha kamili ya damu na ya urea. Andika jina kwenye chupa ukiwa bado kando ya kitanda.

Hatua ya 3: Fuata mapigo ya moyo

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hatua hii iliwahi kunipotezea usiku mzima na nusura impotezee mgonjwa maisha.

Nilikuwa na mama mmoja aliyepokelewa jioni kwa choo cheusi. Saa nne usiku presha yake ilikuwa 114 juu ya 70, mapigo 92. Saa sita, presha 112, mapigo 104. Saa nane, presha 110, mapigo 116. Kila mara niliitazama presha, nikaiona nzuri, nikaandika "hali imara". Aliniomba maji mara tatu. Alikuwa akipiga miayo. Nilipomfunika miguu, vidole vyake vilikuwa vya baridi, nami nikamwongezea blanketi. Karibu saa kumi aliinuka mwenyewe kwenda msalani, akaanguka pembeni ya kitanda. Presha ilikuwa 70. Alipona, baada ya kuongezwa damu. Asubuhi niliirudia chati: namba zote zilikuwepo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na zilikuwa zimesema kila kitu tangu saa sita.

Damu inapopungua, mwili hubana mishipa ya ngozi, mikono na miguu, na moyo huongeza kasi ili ubongo na figo zisikose damu. Mtu mzima wa kilo 70 anaweza kupoteza kati ya mililita 750 na 1,500 huku presha yake ya juu, yaani namba ya kwanza kama ile 114, ikiwa bado karibu na kawaida. Presha inapoporomoka, muda mwingi umekwisha kupita. Kiu, miayo, kutotulia, jasho la baridi na vidole vya baridi huja mapema zaidi.

Kwa hiyo, saa za kwanza pima kila baada ya dakika 15. Namba zikitulia nenda dakika 30, kisha saa moja. Hesabu mapigo kwa vidole vyako, dakika nzima. Mashine nzuri zipo na ninazitumia, lakini vidole vinakuambia pia kama mshipa umejaa au umekuwa mwembamba kama uzi, na kama ngozi imelowa. Napendelea chati ya karatasi inayochorwa mistari, mapigo na presha pamoja. Mistari miwili ikianza kukaribiana, yaani mapigo yanapanda huku presha inashuka, utaiona hata ukiwa umechoka. Namba zilizofichwa kwenye kumbukumbu ya mashine hazikuamshi.

Kuna hesabu ndogo ninayoifanya kila nikimaliza kupima: gawanya mapigo kwa presha ya juu. Mtu mwenye mapigo 80 na presha 124 anapata 0.65, na kawaida ni kati ya 0.5 na 0.7. Yule mama saa nane alikuwa na 116 kwa 110, yaani 1.05. Ikifika 0.9 mimi sisubiri kipimo kinachofuata, napiga simu.

Sasa tahadhari, maana mapigo nayo yanaweza kukuficha jambo.

Mgonjwa anayemeza propranololi, atenololi au dawa nyingine ya jamii hiyo, moyo wake umefungwa breki. Anaweza kuvuja damu nyingi na mapigo yakabaki 76. Kwa huyo tegemea ngozi, mkojo, akili yake na choo. Ndiyo maana dawa za presha zinaandikwa kwa majina yake kwenye hatua ya kwanza; "dawa za presha" peke yake haitoshi.

Mzee mwenye ugonjwa wa presha wa siku nyingi, 120 kwake inaweza kuwa imeshuka tayari. Tafuta kadi yake ya kliniki uone anaishi na presha gani.

Kijana mwenye nguvu atakaa na presha nzuri kwa muda mrefu, kisha ataanguka ghafla. Usifarijiwe na umri wake.

Maumivu, homa na hofu huongeza mapigo pia. Ni kweli. Lakini "ana wasiwasi tu" ni neno la kuandikwa baada ya kuhakikisha havuji damu.

Hemoglobini ya kwanza, yaani kipimo cha wingi wa damu, isikutulize. Mtu akipoteza damu sasa hivi, ile iliyobaki mishipani ina uzito uleule. Hemoglobini hushuka maji ya mwili na ya dripu yanapoingia kuichanganya, baada ya saa kadhaa. Ikirudi 11, ichukulie kuwa ya kuanzia tu, kipimo cha pili kiwepo.

Mkojo pima kila saa. Unatakiwa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa; mtu wa kilo 60 ni mililita 30. Ukipungua chini ya hapo saa mbili mfululizo, figo zinakosa damu, hata presha iseme nini.

Na usimsimamishe ili upime presha ya kusimama wakati ana dalili nilizozitaja. Choo akifanyie kitandani. Mweleze kwa upole kwa nini, kwa kuwa wengi wanaona aibu na wataamka kimyakimya ukigeuka.

Ukipiga simu, taja mwelekeo: "Daktari, mapigo yamepanda kutoka 88 hadi 112 ndani ya dakika 45, presha ya juu imetoka 124 hadi 110, mkojo wa saa iliyopita ni mililita 20, amepata choo cheusi mara mbili. Naomba uje umwone." Ukisema "mgonjwa amebadilika", utaulizwa maswali mengi na dakika zitapita.

Hatua ya 4: Choo na matapishi vione kwa macho yako

Usiridhike na ndugu kukuambia "amepata choo". Choo chenye damu iliyotoka juu ni cheusi kama lami, kinanata, na kina harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini huelekea ukijani, hakinati vile na hakina harufu ile. Damu nyekundu kwenye choo pamoja na mapigo ya juu ni hatari zaidi ya choo cheusi: damu inatoka kwa kasi kiasi kwamba haikupata muda wa kubadilika.

Matapishi mekundu ni damu ya sasa. Yanayofanana na machicha ya kahawa ni damu iliyokwisha kukutana na asidi. Mlaze ubavu wa kushoto, mashine ya kufyonza iwe karibu na imejaribiwa, pima ujazo na uandike. Choo cheusi kinaweza kuendelea siku chache hata damu ikiwa imekoma, kwa hiyo kisome pamoja na mapigo kila wakati.

Hatua ya 5: Endoskopi

Ni kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni hadi tumboni ili kukiona kidonda na kukiziba. Hufanywa ndani ya saa 24, hali ya mgonjwa ikishatulia. Asile chochote, meno ya bandia yatoke, fomu ya ridhaa isainiwe. Akirudi, koo lake bado lina ganzi. Asipewe hata maji hadi ahisi koo limerudi na ameze vizuri tone la kwanza ukiwa umesimama naye.

Kidonda kilichozibwa huweza kuvuja tena, hasa katika saa 72 za kwanza, kwa hiyo hatua ya 3 inaendelea. Dawa ya kuzuia asidi inayopitia kwenye dripu, kama omeprazoli, ipe mstari wake peke yake, usiichanganye na dawa nyingine.

Hatua ya 6: Tumbo likiwa gumu kama ubao

Maumivu makali ya ghafla, mgonjwa anajilaza bila kutikisika, tumbo gumu, pengine bega nalo linauma: kidonda kimetoboka. Asiingize kitu mdomoni, daktari wa upasuaji aitwe sasa hivi, mrija wa kupitishwa puani hadi tumboni uandaliwe.

Hatua ya 7: Chakula

Ndugu watakuja na maziwa. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha protini na kalsiamu yake huchochea asidi zaidi. Akiyapenda anywe kama kinywaji, yasiwe tiba. Siwapi wagonjwa orodha ndefu za vyakula vilivyokatazwa, maana wanarudi wamekonda na kidonda kipo palepale. Aepuke kile ambacho yeye mwenyewe ameona kinamuumiza, aache sigara kwa kuwa huchelewesha kidonda kupona, na pombe aiache.

Hatua ya 8: Kabla hajarudi nyumbani

Wagonjwa wengi huniambia kidonda chao kimetokana na mawazo. Siwabishii kuhusu mawazo yao, bali nawaeleza kwamba vidonda vingi husababishwa na dawa za maumivu tulizozizungumza au na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walifanikiwa kumkuza maabara mwaka 1982. Wengi hawakuwaamini, na mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Nikiwasimulia hivyo, hasa kile kikombe alichokinywa, wananisikiliza kuliko nikianza na vidonge.

Kisha vidonge. Dozi ya siku 14 ya kumuua bakteria huyo ina vidonge vingi, kwa hiyo mimi huzimwaga mezani na kuzipanga asubuhi na jioni mbele yake, halafu nazichanganya na kumwomba azipange yeye. Dawa ya kuzuia asidi imezwe dakika 30 kabla ya kula. Klarithromaisini na metronidazoli zitamwachia uchungu mdomoni kama wa chuma. Akijua mapema hataziacha. Pombe na metronidazoli havikai pamoja. Kama ameandikiwa bismuthi, ulimi na choo vitakuwa vyeusi, na mtu aliyetoka kuvuja damu ataogopa. Mwambie: choo cheusi bila dalili nyingine ni dawa, choo cheusi kinachonata, pamoja na kizunguzungu, moyo kwenda mbio au jasho la baridi, ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Kwa maumivu ya magoti, kama ya yule baba, atumie parasetamoli kwa kipimo sahihi hadi daktari aseme vingine. Mwambie na mkewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mkoba.

Mwisho ni kipimo cha kuhakikisha bakteria ametoweka, ambacho husahaulika kwa sababu mgonjwa tayari anajisikia vizuri. Kifanywe kwa pumzi au kwa choo, wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza antibiotiki, na dawa ya kuzuia asidi iwe imesimamishwa wiki 2 kabla yake kwa idhini ya daktari. Kipimo cha damu cha kingamwili hakifai kwa kazi hii, kwani kingamwili hubaki muda mrefu bakteria akiwa amekwisha kufa. Usimwachie mgonjwa azihesabu wiki hizo. Chukua kalenda, zihesabu naye, uandike kwenye kadi yake tarehe tatu: ya kumaliza antibiotiki, ya kusimamisha dawa ya asidi na ya kuja kupimwa.