Mfumo umevamiwa: cha kufanya kuanzia simu ya kwanza hadi barua kwa wateja

Nikiitwa kwenye taasisi iliyodukuliwa, swali linalonipokea mlangoni ni "nani kafanya hivi?" Hilo linaweza kusubiri miezi, na mara nyingi halipati jibu kabisa. Lisilosubiri ni hili: zimetoka taarifa za akina nani, na zipi? Mdhibiti wa taarifa binafsi ataliuliza, mwanasheria ataliuliza, wateja wataliuliza. Jibu lake limo ndani ya mashine zilezile ambazo fundi wenu, kwa nia njema kabisa, yuko mbioni kuzifuta.

Hatua zifuatazo nimezipanga nikiwa na swali hilo kichwani. Zinamfaa mshauri anayekwenda kusaidia, na pia yule mtu wa IT aliyejikuta asubuhi moja amekabidhiwa janga zima.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Kabla hujagusa kibodi, tafuta daftari la karatasi. La kompyuta huenda mdukuzi analisoma pamoja nawe. Andika nani ameona nini, nani amefanya nini, na saa ngapi.

Hapo kwenye saa tuelewane. Mhasibu akikwambia "niliona saa tatu", anamaanisha 09:00 ya mashine, au 21:00 ikiwa ni usiku. Seva nayo huenda inaandika logi zake, yaani kumbukumbu za kila kinachotokea, kwa saa za UTC (saa za kimataifa), si za ukutani kwenu. Nimewahi kupoteza nusu siku nikitafuta tukio ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu, ila kwa saa nyingine. Andika kwa mtindo wa saa 24, na pembeni onyesha ni saa za wapi.

Saa hizo zina uzito wa kisheria. Chini ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 25 Mei 2018, taasisi ina saa 72 za kumwarifu mdhibiti tangu ilipotambua kuwa taarifa binafsi zimevuja, isipokuwa pale ambapo si rahisi watu wakapata madhara. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataja saa 72, na inamtaka anayechakata data kwa niaba ya mwingine amjulishe huyo aliyempa kazi ndani ya saa 48. Hesabu haisubiri uchunguzi uishe, wala haipumziki wikendi.

Hatua ya 2: Hameni barua pepe

Zungumzeni kwa simu, au kwa akaunti mpya zisizohusiana na mfumo wa taasisi. Teueni mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Wakiwa watatu, mmoja atawasha kile ambacho mwenzake amezima.

Hatua ya 3: Tenga mashine, usikimbilie kuizima

Chomoa kebo ya mtandao na uzime Wi-Fi. Kama ni mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya nyingine), ikate kwenye mtandao na uipige picha ya hali yake pamoja na RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Ukizima umeme, kila kilichomo kwenye RAM kinayeyuka: programu zilizokuwa zikiendeshwa, miunganisho iliyokuwa wazi, wakati mwingine hata funguo za msimbo, zinazoweza kufungua faili zilizofungwa.

Virusi vya WannaCry, vilivyofunga faili za watu na kudai fidia, vilipozuka Mei 2017, mtafiti wa Kifaransa Adrien Guinet aligundua kuwa kwenye Windows XP zile namba tasa zilizotumika kutengeneza ufunguo zilikuwa bado zimebaki kwenye RAM. Sharti lilikuwa moja: mashine iwe haijazimwa wala kuwashwa upya. Waliokuwa wameshabonyeza kitufe hawakuwa na cha kuokoa.

Lakini kanuni hii ina ukingo. Ukiona faili zinaendelea kufungwa mbele yako na huna njia nyingine ya kuzuia, zima mara moja. Mwezi mmoja baada ya WannaCry, virusi vingine vilivyoitwa NotPetya viliisambaratisha kampuni ya meli ya Maersk. Seva za Active Directory, ndizo zinazoshika akaunti zote za mtandao, ziliteketea karibu zote. Iliyonusurika ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva haikuwa hewani. Kwa hiyo mimi hujiuliza: moto bado unawaka, au umeshaunguza ukaisha? Ukiwa unawaka, kata umeme. Ukiwa umeisha, acha mashine iendelee kunguruma mpaka uchukue ushahidi.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi, ukianza na unaopotea haraka

Mpangilio wake si siri. Waraka wa RFC 3227, mwongozo wa wataalamu wa intaneti, uliuweka wazi tangu 2002. Kwanza RAM, orodha ya programu zinazoendeshwa na miunganisho ya mtandao. Kisha faili za muda, halafu diski. Nakala za akiba huja mwisho kabisa, kwani hizo hazikimbii.

Logi ndizo watu huzisahau. Logi ya usalama ya Windows kwa kawaida hujaa ikifika MB 20, kisha huanza kujiandika juu ya kumbukumbu za zamani. Kwenye seva yenye shughuli nyingi, hizo zinaweza kuwa saa chache tu. Kwa hiyo hamisha mapema logi za seva, za ngome ya mtandao (firewall), za VPN (njia ya kuingia mfumo ukiwa mbali), za barua pepe na za huduma za mtandaoni mnazolipia. Ukikuta tukio namba 1102, jua kuna mtu amefuta logi ya usalama. Saa ya kufuta huko ni ushahidi tosha, iandike.

Kila faili ya ushahidi ipigie hesabu ya SHA-256, alama inayobadilika faili ikiguswa hata kidogo, na matokeo yaandikwe daftarini pamoja na jina la aliyeichukua. Baada ya hapo fanyia kazi nakala, asilia iwekwe kabatini.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kuna taasisi moja nilifika asubuhi nikamkuta fundi amekesha. Alikuwa ameweka Windows upya kwenye seva tatu, kila kitu kinawaka, na alistahili pongezi kwa jasho lake. Nilipouliza logi za jana, akanyamaza. Huenda mvamizi alichukua taarifa za watu hamsini tu, huenda hakuchukua kitu. Hatukuwa na namna ya kuonyesha. Ikabidi waandikiwe barua wote waliokuwemo kwenye kanzidata, hata ambao pengine hawakuguswa.

Hatua ya 5: Mtoe mvamizi kwa mkupuo mmoja

Ukifunga akaunti moja leo na nyingine kesho, unampa muda wa kutengeneza mlango mwingine. Jueni kwanza milango yake yote, kisha mfunge kwa wakati mmoja. Yanayosahauliwa mara kwa mara:

- Kubadili nywila hakumtoi aliyekwisha kuingia. Vunja pia vipindi (sessions) vyote vilivyo wazi, na ondoa ruhusa zilizopewa programu za nje.
- Kagua kanuni za barua pepe. Mvamizi hupenda kuacha kanuni inayotuma nakala ya kila barua yenye neno "malipo" kwenye anwani yake.
- Kama Active Directory imeguswa, nywila ya krbtgt, akaunti ya ndani inayotia saini tiketi za kuingilia kwenye mtandao, ibadilishwe mara mbili, kwa kuachana angalau saa 10. Ukibadilisha mara moja tu, tiketi za kughushi bado zitakubalika.
- Ziba tundu aliloingilia, la sivyo mtaonana tena.

Hatua ya 6: Rudisha huduma

Chagua nakala ya kabla ya siku alipoingia, si kabla ya siku faili zilipofungwa. Kati ya siku hizo mbili huweza kupita wiki kadhaa, na nakala za katikati zina mlango wake ndani. Kwa virusi vya kudai fidia, pitia kwanza No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na wenzake. Baadhi ya funguo hutolewa humo bure. Kuhusu kulipa, msimamo wangu ni kwamba hata ukipewa ufunguo, data iliyokwisha kunakiliwa bado iko mikononi mwa mwizi.

Hatua ya 7: Pima madhara, kisha sema

Chora jedwali: aina ya taarifa, ni za akina nani, idadi, zilikuwa zimefungwa kwa msimbo au la, na mwenye taarifa anaweza kudhurika vipi. Usidhani kuvuja pekee ndiko kunakohesabika. Rekodi za wagonjwa zisizofunguka, au zilizobadilishwa, nazo ni tukio la kuripotiwa.

Jedwali likiwa na mapengo, mjulishe mdhibiti hivyo hivyo. GDPR inaruhusu maelezo kutolewa kwa awamu. Kuna sentensi moja ninayoikata kila nikiiona kwenye rasimu: "hakuna ushahidi kwamba data imeibiwa", hasa inapotoka kwa wasio na logi. Waliofuta ushahidi hawawezi kujitetea kwa kukosekana kwake.

Kuficha ni hatari zaidi. Kampuni ya usafiri ya Uber ilificha udukuzi wa 2016 uliogusa watu milioni 57, na mwaka 2022 aliyekuwa mkuu wake wa usalama, Joe Sullivan, akapatikana na hatia mahakamani.

Barua kwa wahusika iwe fupi: nini kimetokea, taarifa zipi, tumefanya nini, wewe fanya nini, piga namba hii. Kiungo chochote kijaribiwe na watu wawili kabla ya kutumwa. Mwaka 2017, baada ya kudukuliwa, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, Equifax, kupitia akaunti yake rasmi ya Twitter iliwaelekeza wateja mara kadhaa kwenye tovuti isiyokuwa yao, kwa sababu tu maneno ya anwani yalipinduliwa. Tovuti hiyo ilikuwa imetengenezwa na mtu aliyetaka kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuwalaghai.

Hatua ya 8: Kikao cha daftari

Wiki mbili baadaye, kaeni mulisome daftari kwa sauti, mstari kwa mstari, bila kutafuta wa kulaumiwa. Simameni kila penye pengo la saa nzima na muulizane nini kilikuwa kinasubiriwa. Mara nyingi ni namba ya simu ya mtu fulani, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye mfumo uleule uliozimwa. Ichapisheni, muibandike ukutani, kisha daftari lifungiwe kabatini pamoja na ushahidi. Mdhibiti anaweza kuliomba.