Kabla hujanunua gurudumu la pikipiki nyingine, chukua venia

Huku Kirinyaga Road, Nairobi, haipiti wiki bila kijana kuja na gurudumu la alloi (lile la kipande kimoja, lisilo na spoki) la mtumba begani, anataka nilifunge kwenye pikipiki yake ya Boxer yenye spoki kabla jua halijatua. Huuliza, "Fundi, hii itaingia?" Nami humuuliza ekseli yake (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) iko wapi, spesa (vipande vya kujaza nafasi pembeni) ziko wapi, sahani ya breki iko wapi. Mara nyingi ameuziwa rimu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, tupu. Vile vitu vidogo vimebaki kwa muuzaji, na bila hivyo gurudumu halina kazi.

Ukinunua gurudumu la pikipiki nyingine, nunua likiwa kamili: ekseli na nati yake, spesa za pande zote mbili, sahani ya breki pamoja na viatu vyake, na kama ni la nyuma, kibebeo cha sproketi (ile sahani ya meno inayovutwa na cheni) pamoja na raba zake. Ukikuta spesa moja haipo, punguza bei au ondoka. Kuchongesha spesa Kariobangi Light Industries si kazi ngumu, lakini ukianza kuchongesha kila kitu utalipa pesa ambazo zingekununulia gurudumu la pili.

Halafu jiulize unachotaka ni nini hasa. Kama shida yako ni rimu pana zaidi, au unataka kutoka inchi 17 kwenda 18, usiguse habu yako. Habu nyingi za spoki za pikipiki zetu za kazi zina matundu 36. Tafuta rimu ya matundu 36, nunua spoki za urefu unaofaa, umpe anayesuka spoki aifunge kwenye habu uliyo nayo. Ekseli ni ile ile, breki ni ile ile, cheni inabaki kwenye mstari wake. Hii ndiyo njia ninayompa kila mtu kwanza, na wachache sana huhitaji kupita hapo.

Kama bado unataka gurudumu zima, twende kwenye vipimo.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kutoa pesa

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. Chukua venia, kile kipimo cha taya cha milimita, upime unene wa ekseli yako, upana wa mwanya kati ya mikono miwili ya nyuma inayoshika gurudumu, na umbali kutoka uso wa ndani wa mkono wa kushoto hadi katikati ya meno ya sproketi. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa. Sokoni pima yale yale kwenye gurudumu unalolitaka, huku sahani ya breki na spesa zake zikiwa mahali pake.

Tuseme mwanya wako ni milimita 170 na gurudumu lenyewe likiwa na kila kitu ni milimita 158. Una milimita 12 za kujaza. Wengi huweka 6 huku na 6 kule, wakaze, waondoke. Hapo ndipo cheni inaanza kula meno ya sproketi upande mmoja. Zile 12 hazigawanywi kwa usawa bali kwa mstari wa cheni: weka spesa ya kushoto hadi sproketi ya nyuma ilingane na ya mbele, halafu kinachobaki ndicho kinaenda kulia.

Ukishalinganisha cheni, tazama kama rimu imekaa katikati ya pikipiki. Kwenye gurudumu la spoki, rimu iliyokaa pembeni kwa milimita 3 au 4 anaweza kuivuta anayesuka spoki: analegeza upande mmoja, anakaza wa pili. Alloi haivutiki. Alloi ikikaa pembeni itabidi usogeze gurudumu zima, na hapo sproketi ndiyo ya kuchongwa au kuongezewa washa nyuma yake. Ndiyo maana alloi ya kuazima ni kazi kubwa kuliko spoki, hata ikipendeza macho namna gani.

Beringi ndizo zinaokoa kazi

Ekseli zisipolingana watu hukimbilia tupa wakapanua tundu la mkono wa nyuma. Usifanye hivyo. Mkono ule ndio unaobeba pikipiki, wewe, abiria na gunia la viazi. Soma kwanza namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi, maana beringi zina ukubwa unaojulikana dunia nzima, na kuna jozi zinazolingana kwa nje huku tundu la ndani likitofautiana.

Beringi ya 6300 ina tundu la milimita 10, nje 35, unene 11. Ya 6202 ina tundu la 15, nje 35, unene 11. Kwa hiyo habu iliyokuwa na 6300 itapokea 6202 bila kuguswa na patasi wala kerezo, na ekseli ya 15 ikapita. Ya 6201 ni tundu la 12, nje 32, unene 10, nayo 6002 ni tundu la 15, nje 32, unene 9. Hapo unatoka ekseli ya 12 hadi ya 15 kwenye habu ile ile. Kwa vile beringi mpya ni nyembamba kwa milimita 1, ongeza milimita 1 kwenye spesa ya nje kila upande. Ya 6202 inaweza kutolewa ikawekwa 6003, ambayo ni tundu la 17, nje 35, unene 10. Nunua zenye raba pande zote mbili, zile za alama ya 2RS. Tope la Nairobi wakati wa mvua halisamehe beringi iliyo wazi.

Ukibadili beringi, badili pia ule mrija wa ndani unaokaa katikati ya beringi mbili. Huu ndio unaosahaulika kuliko vyote. Ukikaza nati ya ekseli, nguvu inapita kwenye spesa ya nje, inaingia pete ya ndani ya beringi, inapita kwenye mrija, inatokea upande wa pili. Mrija ukiwa mfupi, pete za ndani zinasukumwa pembeni, beringi inakazwa kwa ubavu, nayo inaungua upesi. Namna ya kuzifunga ni hii: piga beringi ya kwanza hadi ifike kwenye kikomo chake ndani ya habu, ingiza mrija, halafu piga ya pili taratibu mpaka iguse tu mrija. Isipite hapo. Piga pete ya nje, kamwe si ya ndani. Soketi kuukuu yenye upana unaolingana na pete ya nje inatosha. Kisha ingiza kidole kwenye tundu uzungushe: pete ya ndani izunguke laini, bila kukwaruza.

Na kama ni gurudumu lenye tundu la 15 na ekseli yako ni ya 12? Chongesha bushi ya chuma, nje 15 na ndani 12, ipite urefu wote wa habu ikiwa kipande kimoja. Ukuta wake ni milimita 1.5 tu, kwa hiyo vipande vipande vitapinda.

Breki

Hapa naomba unisikilize vizuri. Sahani ya breki ya dramu (ile yenye viatu vinavyobana ndani ya habu) haitulii yenyewe. Ya mbele ina mfereji unaoingia kwenye jino lililo kwenye mguu wa foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ya nyuma inashikwa na chuma kirefu kinachofungwa kwenye mkono wa nyuma. Ukishika breki, viatu vinataka kuzunguka pamoja na gurudumu, na kinachovizuia ni lile jino au kile chuma peke yake. Jino lisipoingia, sahani inazunguka, waya wa breki unakatika au unajifunga, gurudumu linasimama ghafla, na aliye nyuma yako ni mama na mtoto wake wa shule.

Kwa hiyo: jino liingie lote kwenye mfereji, bila kulegea. Chuma cha nyuma kifungwe kwa bolti yenye alama ya 8.8 kichwani, nati, na spliti pini. Sikubali waya wa kufungia, wala kulehemu jino jipya kwenye mguu wa foki wa alumini. Na ukitaka gurudumu la mbele la diski, kama lile la pikipiki ya Pulsar, kwenye pikipiki iliyotoka na dramu, chukua foki nzima pamoja na kalipa (kibano cha diski), bomba la mafuta na silinda ya breki ya kwenye usukani, kisha pima kama unene wa foki unaingia kwenye vishikio vya foki vya pikipiki yako. Diski bila mahali halali pa kufungia kalipa ni pambo.

Kuhusu ukubwa: tairi la 2.75-17 (upana inchi 2.75, rimu inchi 17) likibadilishwa na 2.75-18, mzunguko unaongezeka kama asilimia 4.4. Mshale wa spidi unaoendeshwa na gurudumu la mbele ukionyesha 80, wewe uko karibu 84. Nyuma, pikipiki inakuwa nzito kupanda. Kama ulikuwa na sproketi ya meno 42, weka ya 44 na nguvu inarudi karibu ilivyokuwa. Tairi pana liache angalau milimita 8 hadi cheni na mkono, na mkalishe mtu mzito nyuma aruke kidogo uone kama linagusa matigadi.

Ukimaliza kufunga, pitisha uzi kutoka nyuma ya tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, uone kama magurudumu yako yako kwenye mstari mmoja. Cheni icheze milimita 25 hivi katikati. Zungusha gurudumu kwa mkono: lisikwame, lisicheze ubavuni.

Kisha endesha pikipiki polepole hadi Ngara, mtaa wa hapa jirani, na kurudi, ukishika breki kidogo sana. Ukirudi gusa habu kwa mkono kila upande wa beringi. Ikiwa ya moto hata kama hukufunga breki, mrija ni mfupi au breki inasugua, na pikipiki haiendi kazini bado. Ikiwa baridi, kaza tena nati ya ekseli, pitia spoki moja moja kwa kuzigonga na spana, ile inayotoa sauti nzito ni legevu. Rudia ukaguzi huu baada ya siku ya kwanza ya kazi.